Ufuo Ni wa Umma, Njia Je?

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale, na kwa Mwenyekiti na Makamishna wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

Waheshimiwa, Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Maneno hayo hupendwa sana majukwaani, na wengi wanaoyataja huishia hapo, kana kwamba mwananchi hushushwa ufuoni kutoka angani. Ukweli ni kwamba mtu hufika baharini kwa miguu, akitokea barabarani, na kati ya barabara na bahari kule Nyali, Bamburi, Shanzu, Kikambala au Diani kuna viwanja vilivyopangana bega kwa bega, kila kimoja na ukuta wake na geti lake. Anayetaka kutembea jioni, kuwaogesha watoto au kumpeleka mbwa akakimbie kidogo, swali lake la kwanza si kama mchanga ni wake. Swali lake ni apitie wapi. Ninawaandikia kuhusu hilo tu. Haki ya ufuo ambayo haina njia inayojulikana, yenye jina na upana ulioandikwa, ni haki ya aliyebahatika kukaa karibu au mwenye uwezo wa kununua soda ya hotelini ili apitishwe, na kuirekebisha hali hiyo kumo ndani ya mamlaka mliyo nayo tayari.

Anzeni na maji yenyewe, maana hapa ndipo sheria na bahari zinapopishana. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hukaribia mita 4, na kwa kuwa fuo zetu nyingi ni za mteremko mdogo, mita hizo 4 za wima ni mchanga mwingi sana wa ulalo. Mchanga huo ndio Katiba imetupa, na mara mbili kila siku bahari huuchukua wote. Maji ya bamvua yakijaa, mahali ambapo ukuta umejengwa ukingoni mwa ufuo, ardhi ya umma yote iko chini ya maji, na mwananchi aliyetoka matembezini amebaki kati ya wimbi na saruji. Wanaosema kwamba ufuo uko wazi kwa kila mtu husema kweli ya saa za maji kupwa. Tena saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo mfanyakazi ambaye nafasi yake pekee ni Jumapili alasiri hupata ufuo au huukosa kwa hesabu ya mwezi. Wanawake wanaokwenda mwambani kuchokoa pweza wanaifahamu hesabu hiyo kuliko wapima ardhi wetu wengi, na wangeulizwa wangewaambia Waheshimiwa kwamba mchanga wenye kumfaa mtembezi ni ule mkavu, ulio juu ya alama ya maji kujaa.

Kuhusu mchanga huo mkavu sheria yetu haiko kimya, ila inanong'ona. Kanuni za upimaji za 1994 zinasema kwamba ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili itolewe kwa mtu, kwa kawaida iachwe akiba isiyopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Tatizo limo katika hilo neno «kawaida», na katika ruhusa aliyopewa waziri ya kupunguza upana huo pale maendeleo yatakapodai. Na ninyi mnajua jinsi maendeleo yanavyojua kudai. Isitoshe, viwanja vingi vya mwambao vilipata hati zamani sana, chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, wakati ambapo hakuna aliyefikiria akiba wala watalii. Matokeo yake ni ufuo wenye viraka: hapa akiba ipo, pale ilipunguzwa, kwingine haikuwapo kabisa, na mwananchi hana pa kutazama ajue anasimama kwenye kiraka kipi. Jirani zetu Tanzania waliandika mita 60 katika sheria yao ya mazingira ya 2004, na huko pia kuiandika kumekuwa rahisi kuliko kuilinda.

Kuna mahali ambapo mvutano huu wa mchanga mkavu na mchanga uliolowa ulimalizwa, nao ni jimbo la Oregon huko Marekani. Mwaka 1913, gavana Oswald West alipokuwa madarakani, bunge la jimbo lilitangaza mchanga unaofikiwa na maji kuwa barabara kuu ya umma, na kwa miaka 50 na zaidi watu wakatembea, wakaogelea na kuota moto pwani wakidhani wana ufuo mzima. Mnamo 1966 hoteli moja katika mji wa Cannon Beach ikauzungushia kizuizi mchanga mkavu ulio mbele yake na kusema huo ni wa wageni wake pekee. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba sheria yao iliwapa sehemu ile tu iliyolowa, kama yetu. Kelele zilizofuata zilizaa sheria ya 1967 iliyosukumwa na gavana Tom McCall, ikiwahakikishia watu wote matumizi ya mchanga mkavu hadi pale majani yanapoanzia. Kesi ilipofika mahakama ya juu ya jimbo, mwaka 1969, majaji waliitetea haki hiyo kwa hoja ya desturi: watu wameutumia mchanga huo tangu zamani, bila kukatizwa na bila kuomba ruhusa ya mtu. Naitaja hoja hiyo kwa makusudi. Kama kuna watu duniani wanaoweza kusimama mbele ya jaji na kusema kwamba babu zao walivua, walianika nyavu, waliogelea na kucheza ngoma ufuoni kabla ya ramani ya kwanza kuchorwa, basi ni watu wa mwambao huu. Oregon desturi yao ilitambuliwa mahakamani. Sisi tunayo ya karne nyingi, ila hatujaiandika popote.

Ndiyo maana ombi langu kubwa kwenu ni karatasi kabla ya saruji. Uingereza na Wales zilipitisha mwaka 1949 sheria iliyozilazimu halmashauri kuchora ramani rasmi ya njia za miguu za umma, na njia ikishaingia katika ramani hiyo, ramani yenyewe ni ushahidi mahakamani. Mwenye shamba hawezi kuamka siku moja akasema hajapata kuisikia. Kwetu njia za kuingilia baharini zinaishi katika kumbukumbu za watu: ile ya karibu na msikiti, ile iliyopita kando ya hoteli iliyofungwa, ile iliyokuwa pana ya kupitisha gari la samaki na sasa hata baiskeli haipiti. Mzee anayeikumbuka akifariki, njia nayo inazikwa. Kila kaunti kati ya hizi tatu inaweza, kwa kushirikiana na Tume, kutembea ufuo wake kipande kwa kipande, kuorodhesha kila njia iliyo katika ramani za upimaji na kila njia ambayo wavuvi na wanakijiji wanaidai, kupima upana wake wa leo na upana wake wa kwenye ramani, kisha kuibandika orodha hiyo kwa Kiswahili katika ofisi za machifu na wadi. Njia ambazo hazimo katika ramani lakini zinahitajika zina mlango wake: Sheria ya Ardhi ya 2012 inairuhusu serikali ya kaunti, au hata kikundi cha watu, kuiomba Tume iunde njia ya umma ya jamii katika ardhi ya mtu, na imeweka utaratibu wa fidia. Mlango huo umekuwapo kwa zaidi ya miaka 10, nanyi ndio mnaotajwa kwanza miongoni mwa wanaoweza kuubisha.

Nitaambiwa kwamba kuna fuo za umma zilizotengwa tayari, na nitaelekezwa Jomo Kenyatta, pale Bamburi. Ni kweli, na ni mahali pazuri. Siku ya Idd, au wiki ya Krismasi, mtu akifika hapo huona mji mzima umehamia baharini: tyubu za kukodi, ngamia, viazi karai, mabuyu, watoto wasiotaka kutoka majini. Lakini Kaunti ya Mombasa ilikuwa na zaidi ya watu milioni 1.2 katika sensa ya 2019, bila kuhesabu wanaoteremka kutoka bara wakati wa likizo. Umati ule unaofurika mahali pamoja ni matokeo ya milango mingi iliyofungwa kwingine. Kisha taka na msongamano unaozaliwa hapo hutumiwa kama ushahidi kwamba wananchi hawajui kutunza ufuo, kwa hiyo milango mingine ibaki imefungwa. Hoja hiyo inajizunguka yenyewe. Watu wale wale wakitawanywa katika njia nyingi, kila sehemu itabeba mzigo mdogo, na mtu wa Mtwapa hatalazimika kupanda matatu kwenda kuogelea Bamburi ilhali bahari anaisikia kutoka kitandani.

Pingamizi la usalama ni zito na halistahili kudharauliwa. Wenye hoteli wa pwani hii wamezika watu. Lakini tuangalie jinsi mabaya hayo yalivyofika. Shambulio la hoteli ya Kikambala la 28 Novemba 2002 lilikuja kwa gari, kwa upande wa geti na barabara. Watekaji nyara waliovamia Kiwayu mwaka 2011 walikuja kwa boti, kutoka bahari ambayo hakuna ukuta wa kichochoro unaoweza kuizuia. Kinachobaki ni wizi wa mabegi na vitisho vya jioni, na dawa yake inajulikana hapa hapa nchini. Msitu wa Karura jijini Nairobi, ule ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 dhidi ya wanyakuzi, ulikuwa baadaye mahali pa kuogopwa. Mtu mwenye akili hakuingia peke yake. Ulipowekewa uzio, milango inayojulikana, askari na kanuni, kwa ushirikiano wa Huduma ya Misitu na kikundi cha wakazi, ukajaa watembezi, waendesha baiskeli na mbwa waliofungwa kamba. Karura hutoza kiingilio, na silipendekezi hilo kwa ufuo, ambao Katiba imeshautoa bure. Ninachochukua pale ni kwamba watu wengi wanaopita mahali kwa kanuni ndio ulinzi wa mahali hapo. Kichochoro chenye taa na bango, kinachopitwa na familia, kina macho mengi. Kichochoro kilichozibwa nusu kwa kifusi kina macho ya mvizia tu.

Kuhusu wauzaji wa ufuoni wanaowachosha wageni, malalamiko ni ya kweli na hayahusiani na njia. Hao wameshafika mchangani. Kufunga njia kunamzuia mwanamke aliyekuja na watoto wake, hakumzuii kijana anayeuza vinyago ambaye anajua kila upenyo. Leseni, maeneo ya biashara na vyama vyao vyenyewe ndivyo vya kushughulikia jambo hilo. Taka nazo zina sheria: nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na kuanzia 5 Juni 2020 ikazuia plastiki za kutumika mara moja katika fuo na mbuga zilizohifadhiwa, haiwezi kusema imeshindwa kuweka mapipa mdomoni mwa njia.

Kuzama ni jambo jingine, na hapa wapinzani wana haki zaidi kuliko wanavyojua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya aina hii hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kufungua njia bila kuweka waokoaji ni kukaribisha msiba. Lakini kufunga njia hakumfundishi mtoto kuogelea. Humfanya aende mahali pasipo na mtu wa kumwona. Bango linaloonyesha pale mkondo unapovuta wakati wa kusi, na mwokoaji mwenye boya siku za likizo, ni gharama ya kaunti ambayo ingepaswa kutangulia fahari nyingi za bajeti.

Nimefika kwa mbwa, na ninajua baadhi yenu mtacheka. Msicheke. Jedwali la Nne la Katiba, katika sehemu ya kazi za kaunti, linataja bustani na fuo za kaunti, na mistari michache baadaye linataja udhibiti na ustawi wa wanyama pamoja na leseni za mbwa. Waliotunga Katiba waliviweka vitu hivyo viwili mikononi mwa mtu mmoja, nanyi ndiye mtu huyo. Kinachoendelea sasa ni kwamba hakuna kanuni iliyo wazi ufuoni, na pasipo kanuni mwenye nguvu ndiye kanuni: si vigumu kukisia ni mbwa wa nani atakayeachwa akimbie, wa nyumba kubwa iliyo mbele ya bahari au wa kijana aliyetokea Kisauni. Kwa upande wa pili wapo majirani zetu, walio wengi katika miji ya mwambao, wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mbwa kuwa najisi nzito: akigusa kitu kukiwa na unyevu, kitu hicho huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Asiyelijua hilo husema watu wa Pwani wanachukia wanyama. Anayelijua huona tatizo la ufuo lilivyo gumu, maana baharini kila mtu amelowa, mbwa amelowa, na familia iliyotandika mkeka inangoja kuswali alasiri. Mbwa mchangamfu anayejipangusa kwenye nguo za watu hao amewaharibia swala, na kicheko cha mwenyewe kwamba haumi hakisaidii.

Kupiga marufuku moja kwa moja ni njia rahisi, na ningeishauri kama isingekuwa na kasoro ya kutotekelezeka kwenye ufuo mrefu hivi. Kugawana saa kunawezekana. Huko Auckland, Nyuzilandi, ambako fuo ni nyingi na mbwa ni wengi, kanuni ya fuo nyingi ni kwamba majira ya joto, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mbwa hawaruhusiwi. Asubuhi na mapema na jioni ni zamu yao. Kwetu jioni ni ya familia, kwa hiyo zamu ya mbwa ingefaa iwe kuanzia alfajiri hadi saa mbili, kwa kamba, akiwa na alama ya leseni inayoonyesha amechanjwa, na siku za Idd na sikukuu za kitaifa asionekane kabisa katika fuo kubwa za umma. Fuo wanakotagia kasa, kama za Watamu, zikae bila mbwa wakati wote. Kasa hufukia mayai juu ya alama ya maji kujaa na huyaacha huko kwa takriban miezi miwili, na mbwa mwenye pua nzuri huyafukua kwa usiku mmoja. Leseni nayo isiwe kodi tu. Kichaa cha mbwa huangamizwa kwa kuwachanja mbwa wapatao asilimia 70, na kisiwa cha Pemba, ambako watu ni Waislamu karibu wote, kimeonyesha kwamba chanjo inayorudiwa huukomesha ugonjwa huo, na ukirudi kutoka nje huukomesha tena. Mbwa koko wanaozurura ufuoni hawasomi mabango. Hao wanahitaji sindano, na ada ya leseni ya wenye mbwa ingesaidia kuinunua.

Limebaki pingamizi la wenye hati: kwamba walinunua viwanja kwa fedha zao, wanalipa kodi, na hawakuambiwa kuhusu njia ya mtu. Mwenye kiwanja ambacho hakina njia katika ramani, na ambaye kaunti inaitaka njia, alipwe fidia kama sheria inavyosema. Sioni haja ya kumnyang'anya mtu. Mwenye kiwanja kilichopimwa kikiwa na njia kando yake, kisha akaimeza, hadai mali yake bali yetu, na huyo apewe notisi. Kundi la tatu ndilo lenye matumaini zaidi. Ardhi nyingi za ufuoni zinashikiliwa kwa mikataba ya miaka maalumu, na kwa wasio raia Katiba imeweka kikomo cha miaka 99. Mikataba hiyo inaisha mmoja baada ya mwingine. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi kinampa mwenye mkataba aliye raia nafasi ya kwanza ya kuongezewa, kwa sharti kwamba serikali ya kitaifa au ya kaunti haiihitaji ardhi hiyo kwa manufaa ya umma. Ukanda wa mita chache kutoka barabarani hadi mchangani, pamoja na akiba ya mchanga mkavu mbele ya kiwanja, ni hitaji la umma lililo wazi kabisa. Kila mkataba unaoongezwa bila sharti la njia ni nafasi iliyopotea kwa maisha ya watu wawili au watatu, na hupotea kimya, ofisini, kwa muhuri mmoja.

Kwa hiyo naomba mambo yawe mahususi. Kabla shule hazijafungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, na bahari haijatulia kwa kaskazi, kila kaunti itangaze ina njia ngapi za umma za kufika baharini, kila moja iko wapi, ilipimwa upana gani na leo ina upana gani, na kama ina geti, ufunguo uko kwa nani. Tume nayo itangaze ni mikataba mingapi ya viwanja vya ufuoni inayoisha katika miaka 10 ijayo na ni mingapi iliyokwisha kuongezwa tangu 2012, na kwa kila mkataba uliokwisha kuongezwa, kama sharti la njia liliwekwa au halikuwekwa.

Wenu,
Mkazi wa Pwani